Tope la Jangwani na Sikio la Mama Clotilda

Ukimuuliza mtu wa mtaa wa Narung'ombe habari za Aristides fundi redio, atakuanzia kwenye ndoo za tope, maana ndoo ndizo zilizowachekesha. Mwache acheke. Habari za Aristides zinaanzia kwa mama yake, na asiyemjua Mama Clotilda hana analolijua, anachungulia uani kwa watu tu.

Aristides alikuwa Mchaga wa Kibosho, mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na nane, hana mke wala dalili ya mke. Benchi lake lilikuwa barazani kwa Sheikhan, Mwarabu muuza vitenge, na chumba chake kilikuwa uani, nyuma ya duka hilohilo. Sheikhan alimwita Mangi, kama walivyoitwa Wachaga wote pale Kariakoo, na kila wakinywa kahawa alimkumbusha kwamba redio haimpikii mtu uji. Aristides alicheka kidogo, akainamia kazi yake. Hakuwa mtu wa maneno. Redio aliisemesha, binadamu alimjibu kwa kichwa.

Sasa kwa Wachaga kitinda mimba wa kiume ndiye mrithi wa nyumba ya baba, na ndiye wa kumtunza mama mpaka siku yake ya mwisho. Aristides ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Baba alipofariki, mwaka wa themanini, alitakiwa arudi akakae kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo. Lakini Kibosho redio mbovu ni ngapi? Akatafuta njia ya katikati: nyumba akaitia kufuli, mama akamleta Dar es Salaam. Ukoo ulinung'unika, eti mama mzima anahamishwa kama kabati, lakini manung'uniko ya Kibosho yalikuwa hayafiki Narung'ombe.

Mama akaja, na mtaa ukampenda. Masikio yake yalianza kufa zamani, ila padri mmoja wa misheni, akirudi kwao Ulaya, alimwachia mashine ya sikio: kisanduku kidogo cha kuning'iniza kifuani, na waya mwembamba unaopanda mpaka sikioni. Kisanduku kilikula jiwe moja dogo, na vijana wa leo niwaambie kabisa kwamba mawe ndivyo tulivyoziita betri za tochi na redio. Mashine ikiwa na jiwe, Mama Clotilda alijua ugomvi wa kila mpangaji na chanzo chake. Jioni Aristides alikaa naye kwenye mkeka akamsimulia nani kaleta redio gani na imeharibikaje, na mama aliuliza maswali yake, mengine ya kipuuzi, wakacheka wote wawili. Hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo mtu angeweza kumsikia Aristides akisema sentensi tatu mfululizo.

Ukaja mwaka wa themanini na tatu. Aliyekuwepo anakumbuka. Ukiona foleni ulijiunga kwanza, ndipo ukauliza wanauza nini. Sabuni hakuna, sukari ya kadi, na mawe yakaadimika pia, makubwa kwa madogo. Mwezi wa saba jiwe la mwisho la mama likafa.

Aristides hakukaa bure. Aliyaanika mawe mafu juani, akayatoboa akayatia maji ya chumvi, yakafufuka nusu saa yakafa tena. Akavuta waya kutoka dukani kwa Sheikhan, akatengeneza kitu cha kupunguza umeme wa ukutani. Umeme ule kwanza ulimvumia mama sikioni kama mzinga wa nyuki, kisha siku ya pili ukamrusha. Mama Clotilda aliivua mashine, akafanya ishara ya msalaba, akaapa kwamba kitu cha ukutani hakitamgusa tena akiwa hai. Na huyo akiapa ameapa. Gari la Sheikhan lilikuwa juu ya matofali mwaka wa pili, betri yake imekauka asidi. Kote milango imefungwa.

Mwezi wa kumi, siku moja baada ya rozari, mama alimwita mwanawe akamwambia kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia: "Krismasi hii nikienda nyumbani, sirudi. Nikatie tiketi ya kwenda tu."

Aristides alitikisa kichwa, akashika mikono ya mama, akaonyesha kwa vidole kwamba kule hakuna mtu. Mama akaangalia pembeni. Usiku ule Aristides hakulala. Nyumba ya Kibosho ilikuwa peke yake juu ya mto, jirani wa karibu ni wa kumpigia kelele, na kelele za nini kwa mtu asiyesikia? Mwaka uliopita bibi mmoja wa kule alikutwa chini ya migomba siku ya pili baada ya kuanguka. Akilini Aristides alimuona mama yake pale pale, chini ya migomba ileile, na kitinda mimba wake yuko Kariakoo anaunga redio za watu. Alienda akakata tiketi ya tarehe ishirini Desemba kwa kuwa ameamriwa, lakini moyoni aliapa kwamba kabla ya siku hiyo lazima mama asikie.

Sasa hapo ndipo tope linapoingia. Sheikhan alikuwa ameletewa tope jeusi la bonde la Jangwani, la kukandikia ukuta wa jiko la uani. Tope likabaki kwenye ndoo, mvua za vuli zikalijaza maji, likaanza kunuka. Aristides alikuwa na tabia ya kuvunja mawe mafu na kutunza vile vijiti vyeusi vya kaboni vya katikati, na siku moja vijiti viwili vikamponyoka vikatumbukia ndani ya ndoo ile. Kimoja kikazama, kingine kikabaki juu juu. Juma zima likapita. Alipokwenda kuvitoa, akavigusisha na nyaya za mita yake kama alivyokuwa anagusisha kila kitu, hata vijiko. Mshale ukapanda. Haukupanda sana, nusu volti hivi, lakini ulipanda ukakaa.

Akadhani ni mabaki ya dawa ya ndani ya jiwe. Akatafuta vijiti vingine, akavichemsha, akavitumbukiza kwenye tope jipya. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya nne mshale ukaanza kutambaa. Siku ya nane, nusu volti.

Alikuwa na mteja wake mmoja, Bakili, kijana wa Kilwa aliyekuwa fundi wa maabara kule chuo kikuu, Mlimani. Bakili alifuata redio yake akaonyeshwa ndoo. Aliinama, akaziba pua, akatazama mita, akafungua pua. Akamweleza kwamba ndani ya tope wamo vijidudu wasioonekana kwa macho. Kule chini hakuna hewa. Kila kinachokula lazima kitoe, na hao wakila uchafu hutoa chembe za umeme. Wakiwa na hewa huipa hewa chembe hizo, wasipokuwa nayo huzisukumia kwenye chochote kinachopokea. Kijiti cha chini kinapokea. Waya unazichukua mpaka kijiti cha juu, ambacho kiko karibu na hewa, na hewa ndiyo inayomaliza kazi. Wazungu walishaandika habari hiyo miaka mingi iliyopita, alisema Bakili, ameisoma kwa macho yake, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tope la Jangwani nalo linajua.

"Kwa hiyo hao ndio jiwe langu," Aristides akasema.

"Ndio jiwe lako. Dogo sana, lakini halihitaji foleni."

Haba na haba hujaza kibaba. Mashine ya mama ilihitaji volti moja na nusu na nguvu kiasi, na kijiti kimoja kilitoa nguvu ya kumtekenya sisimizi. Basi Aristides akapiga hesabu ya kifundi: mitungi mitatu, kila mmoja na vijiti sabini chini na sabini juu, imefuatana kama mawe matatu kwenye tochi. Akaanza kukusanya mawe mafu Kariakoo nzima, kwa wauza tochi, kwa walinzi, jalalani. Akayapanga kwenye magunia uani. Asubuhi alipanda baiskeli hadi Jangwani, akarudi na ndoo mbili za tope zinaning'inia, zinatema maji meusi mtaani, na akina mama wa Narung'ombe wakashika pua wakamuuliza kama ameacha redio ameanza ufinyanzi.

Ubaya ni kwamba mwaka ule ulikuwa wa kuwasaka walanguzi. Mtu akiwa na katoni tatu za sabuni chini ya kitanda alikuwa na la kujibu. Sasa huyu Mchaga ana magunia manne ya mawe uani! Habari zikamfikia Bi Zamzam, balozi wa nyumba kumi, mama wa Kizaramo mwenye kifua na kanga yake ya chama. Akaja na wanaume wawili. Sheikhan alipowaona alipauka, kwani Mwarabu mwenye duka mwaka ule hakuhitaji mgeni wa namna hiyo. Bi Zamzam akaamuru magunia yamwagwe. Zikamwagika maiti za mawe mia nne, zimepasuliwa matumbo, zinatoa uji mweusi. Akaangalia mitungi, akanusa, akauliza kama ni gongo. Aristides, ambaye kusema kwake ni kazi, alijikaza akasema ni ya sikio la mama. Bi Zamzam akamgeukia Mama Clotilda aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake anatabasamu bila kujua kunaendelea nini, akamwamkia shikamoo, na mama hakuitikia kwa kuwa hakusikia. Balozi akawaambia wale wanaume warudishe uchafu wa watu ndani ya magunia, na yeye mwenyewe nyumbani ana mawe mawili mafu, atayaleta.

Novemba ikaingia, mitungi imekamilika, na umeme hauji. Hapa ndipo Aristides alipokaribia kuwa mwehu. Kila siku ya sita au ya saba mshale ulipanda vizuri, unatia moyo, halafu yeye anafanya jambo moja na mshale unalala chini kama haujawahi kuamka. Na jambo lenyewe alilifanya kwa nia njema. Fundi redio yeyote, mwamshe usingizini umuulize nguvu zikipungua unafanya nini, atakujibu: safisha ncha. Kutu ni adui, uchafu ni adui, chukua msasa usugue mpaka ing'ae. Aristides aliishi kwa kanuni hiyo miaka kumi na minane. Basi kila Jumamosi alitoa vijiti vya chini, akavikuta vimevaa utelezi kama wa bamia, akasema kumbe ndio unaoziba umeme huu. Akakaa akavisugua kwa msasa kimoja kimoja, mia mbili na kumi, mpaka vidole vikatoka damu. Vikarudi mtunguni vinameta, na umeme ukafa. Alimuuliza Bakili, na Bakili, aliyelelewa na maabara yenye sabuni na maji ya moto, akamshauri asugue zaidi. Msomi naye hukosea, tena kwa kujiamini.

Siku zikakimbia. Mtu aliyepita uani wakati ule alimwona Aristides ameinamia mitungi anaibembeleza kwa sauti ya chini, haya wazee wangu, haya jitahidini, na mama amekaa hatua nne nyuma yake kwenye kigoda, anamwangalia mgongo. Wakati wa chakula Aristides alimwekea mama sahani, akaonyesha mdomo. Wakati wa kulala alionyesha kitanda. Aliyafanya kwa upendo, hilo hakuna wa kulibisha, na kwa haraka.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba Aristides alikuwa na msasa mkononi na kijiti chenye utelezi katika mkono wa pili, mkono wa tatu ukatokea ukakamata kifundo chake. Ulikuwa wa mama. Akanyakua kijiti, akakipitisha kidole, akakinusa kwa makini kabisa, kama anayenunua samaki sokoni Feri.

"Huu ni ute wa mbege," akasema, na mtaa mzima ukasikia. "Mtungi wangu wa mbege umeshaona ukisuguliwa ndani? Miaka arobaini nimepika pombe ile ya ndizi, sijaupitisha hata jani. Ule ute ndio wapishi wenyewe. Wewe kila Jumamosi unawafukuza wapishi, halafu unalia chakula hakiji."

Aristides alitazama kijiti, akatazama msasa. Wale vijidudu wa Bakili hawakuwa wanaelea tu ndani ya tope, walikuwa wamehamia pale, wamejenga juu ya kijiti, na yeye kila juma amewapitia kama mafuriko yanavyopitia nyumba za mabondeni. Alijiona mjinga wa wajinga, na papo hapo akajisikia furaha kubwa. Msasa akautupa juu ya bati la Sheikhan.

Tangu siku hiyo mama ndiye aliyeshika usukani. Alikataza mtu asiguse. Alisaga ndizi mbivu na maji, akawa anawapa kikombe kidogo asubuhi, tone tone, akieleza kwa sauti yake ile kwamba mpishi mwenye njaa hapiki, na aliyevimbiwa pia hapiki. Aristides kazi yake ikawa kusoma mita na kuhakikisha shaba ya nyaya haigusi tope. Nusu volti, ikakaa. Wiki ya pili ya Desemba mitungi mitatu kwa pamoja ikafika moja na nukta nne, na mshale ulipobebeshwa mzigo wa mashine ulitetemeka tu, haukuanguka.

Tarehe kumi na nane, alasiri, sanduku la mama limeshafungwa kwa kamba, tiketi iko mfukoni mwa shati la Aristides, akavuta kigoda cha mama mpaka ubavuni mwa mitungi. Mashine haikuweza tena kutembea na mama. Waya wake ulitoka kifuani kwa mama ukafungwa kwenye vijiti vya mitungi. Aristides akazungusha kitufe taratibu.

Mama Clotilda aliinua kichwa. "Nani anashona?" akauliza. Sauti yake yenyewe ikamshtua, akaishusha. Aliyeshona alikuwa fundi cherehani wa barazani kwa Sheikhan, ukuta wa pili. Kisha mama akasikia kunguru juu ya bati, akasikia maji yakimwagwa, akafumba macho. Sheikhan alichungulia, akasema alhamdulillahi, mama akaitikia "amina" ya kanisani, Sheikhan akaondoka anajifuta macho kwa ncha ya kanzu. Aristides alipiga magoti mbele ya mama na machozi yanamtiririka bila aibu.

"Mama," akapaza sauti.

"Usinipigie kelele. Nasikia."

"Mama, tiketi nirudishe? Sasa si unasikia?"

Mama akatikisa kichwa.

"Wewe unadhani naondoka kwa sababu ya masikio? Masikio yalianza kuniacha wewe hujabalehe, na sikukimbia nyumba. Tangu jiwe lile life, Aristides, hujanisemesha. Kula. Lala. Kaa. Hata kuku huambiwa hivyo. Macho sijapofuka, midomo yako naiona. Nimekaa hapa nyuma miezi mitano naiona inasema na redio, na sasa inasema na ndoo."

Ilikuwa kweli. Neno lile lilimwingia Aristides mahali ambapo mita haifiki. Alidhani anamkimbilia mama yake, kumbe alikuwa anamkimbia.

"Niliona haina faida mama, maana husikii."

"Faida ya nani?"

Mama akarekebisha waya sikioni, akaweka mikono mapajani. "Haya," akasema, "anza."

Akaanza. Akamwambia habari za Bi Zamzam na magunia, mama akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia habari za msasa wa Bakili. Kisha, bila kupanga, akamwambia habari za nyumba ya Kibosho: kwamba siku ile aliitia kufuli kwa sababu alishindwa kukaa ndani yake bila baba, wala haikuwa kwa ajili ya kazi, na kwamba kufuli lile linamwamsha usiku. Hilo hakuwa amemwambia mtu. Wakati anasema, jicho lake la kifundi lilikuwa pembeni, kwenye mita. Wapishi walikuwa wanachoka. Moja nukta moja. Nukta tisa. Nukta sita. Alijua hapo mashine imeshazima, mama hapati tena hata mkwaruzo, lakini mama bado alikuwa anaitikia kwa kichwa, macho yake kwenye midomo ya mwanawe.

Aristides akaacha kusema. Akamwonyesha mshale uliolala, akaonyesha kwa vidole kwamba kesho watapata nguvu tena.

Mama Clotilda akauchomoa waya sikioni, akauweka juu ya paja.

"Mbona umenyamaza?" akasema. "Endelea."

Aristides akaendelea, na tiketi ile ikakaa mfukoni mwa shati mpaka ikafuliwa nalo.